Samaki wa Wavuni Ana Mwenyewe

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake wote.

Ndugu msomaji, liko swali ambalo wazazi wa Kiislamu wa hapa Mwanza wamekuwa wakiulizana kwa muda mrefu, na mara nyingi hujibiwa kwa kuguna tu. Kijana wa nyumbani amemaliza shule, kazi hakupata, akafungua kibanda. Humo mna kompyuta moja, waya chache na kiti cha mteja. Watu humletea flashi na kadi za simu, naye huwajazia filamu, nyimbo na hata kaswida kwa malipo madogo. Jioni huja na fedha, mama hununua unga na mafuta, na maisha huendelea. Swali ni hili: chakula kile ni cha halali?

Hatupendi kulijibu swali hili kwa neno moja kisha tukaondoka. Haramu ikitamkwa bila maelezo huwafanya watu wanyamaze mbele ya sheikh na kuendelea nyuma yake. Basi tulitazame jambo lenyewe kuanzia mizizi yake, na tuanze na mfano ambao kila mtu wa mwambao wa Ziwa Victoria anaujua vizuri kuliko sisi.

Mfano wa ziwa

Sangara, sato na dagaa wanaoogelea ziwani hawana jina la mtu. Mvuvi wa Igombe, wa Kayenze na wa Ukerewe, kila mmoja anayefuata taratibu za uvuvi huingiza chombo chake na kutafuta riziki yake. Lakini mvuvi akishatega nyavu zake jioni, samaki akinasa, tangu saa hiyo samaki yule ana mwenyewe. Anayewahi alfajiri kabla ya mwenye nyavu, akachopoa samaki au akaondoka na nyavu zenyewe, watu wa mwaloni hawamwiti mvuvi hodari. Wanamwita mwizi, na wanajua vema namna wizi wa nyavu ulivyowafilisi watu waliokuwa na uwezo.

Wanazuoni wa fiqhi walilieleza jambo hili zamani. Mtume (rehema na amani zimshukie) amefundisha kwamba watu wanashirikiana katika maji, malisho na moto. Pamoja na hayo, wanazuoni wakabainisha kuwa maji ya mto ni ya wote, lakini yule aliyeyateka na kuyatia katika mtungi wake ameyamiliki, na haijuzu kuyachukua bila ridhaa yake. Jasho la kuchota ndilo lililogeuza kitu cha wote kikawa mali ya mtu.

Sasa tuiangalie filamu kwa jicho hilo. Visa vya wanadamu ni ziwa. Kisa cha wivu baina ya wake wenza, cha ndugu wawili wanaogombea kiwanja cha marehemu baba yao, cha kijana aliyetoka kijijini akapotelea mjini, hivyo havina mwenyewe. Yeyote ana haki ya kuvisimulia. Hata sheria ya nchi husema hivyo hivyo: hakimiliki haimlindi mtu kwa sababu ya wazo tupu, bali inalinda namna alivyolitoa wazo lile na kulifanya kazi kamili.

Lakini mtu akikaa akaandika muswada, akatafuta waigizaji, akakodi kamera na taa, akawalipa wapiga picha, akawalisha watu wake kwa wiki kadhaa, kisha mhariri akakesha akiunganisha picha na sauti, hapo nyavu zimetegwa na samaki amenasa. Anayekuja baadaye na waya wa kompyuta akaichukua kazi ile kwa dakika chache na kuiuza, tofauti yake na yule wa alfajiri kule ziwani ni ipi?

Namna wizi ulivyorahisika

Wenye umri wetu wanakumbuka mabanda ya video ya miaka ya 1990. Watu walibanana katika vyumba vya mabati kutazama mkanda mmoja, na baadaye wakaja wafasiri wa kuweka maneno ya Kiswahili juu ya filamu za Kihindi, za Kichina na za Kimarekani, desturi iliyoshamiri pia ng'ambo ya ziwa, huko Kampala. Kisha zikaja filamu zetu wenyewe. Wengi huitaja Girlfriend ya mwaka 2003, iliyoongozwa na George Tyson, kuwa miongoni mwa kazi zilizofungua mlango wa kile kilichoitwa Bongo Muvi.

Enzi ya mikanda, kunakili kulikuwa na gharama. Mkanda wa saa mbili ulihitaji saa mbili kunakiliwa, na nakala ya nakala ilikuwa na ukungu na mikwaruzo, hata mnunuzi mwenyewe akaona afadhali atafute mkanda halisi. Zilipokuja CD na DVD, vijana wakaanza kuzichoma, na nakala ya mia moja ikawa safi kama ya kwanza. Kisha zikaja flashi na simu, na leo yako makundi ya WhatsApp na Telegram ambamo filamu nzima huvuka kutoka Dar es Salaam hadi Nansio kabla mtayarishaji hajarudisha hata nauli yake. Kila hatua ilipunguza jasho la mwenye kunakili, lakini haikupunguza hata chembe jasho la mwenye kutengeneza.

Serikali haikukaa kimya. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1966 ilifutwa ikaja Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya mwaka 1999, ambayo ndiyo iliyounda COSOTA. Zanzibar ikatunga ya kwake mwaka 2003. Mwaka 2013 zikaanza stempu za kodi za TRA katika kazi za muziki na filamu, ili mnunuzi aweze kutambua DVD halali na ya wizi. Hilo lilikuwa jambo jema, lakini stempu hubandikwa juu ya kasha, na faili lililomo katika flashi halina kasha. Bidhaa ilihama, na mlinzi akabaki akilinda lango la zamani.

Mwaka 2017 wasanii wa filamu waliandamana Kariakoo, Dar es Salaam, wakilalamikia filamu za nje zinazouzwa kwa bei ya kutupa. Wako waliowacheka, wakasema kwamba wanaogopa ushindani. Lakini tafakari, ndugu msomaji. Filamu ya nje iliyonakiliwa bila idhini haina gharama ya kuitengeneza kwa yule anayeiuza. Mwenye bidhaa ya jasho atashindana vipi kwa bei na mwenye bidhaa ya bure? Soko likijaa mali ya wizi, muuzaji mwaminifu ndiye anayeonekana mwenye tamaa. Na hili halihusu filamu peke yake. Muulize mfanyabiashara yeyote wa Rwagasore kinachomtokea pale mzigo wa magendo unapoingia mjini.

Sheria yetu inasemaje?

Ni vema tuielewe sheria kabla ya kuihukumu. Kwanza, hakimiliki huzaliwa pamoja na kazi yenyewe. Mtunzi hahitaji kusubiri cheti ili awe mmiliki. Kujisajili COSOTA humsaidia katika ushahidi. Pili, zipo haki za aina mbili: haki za kiuchumi, kama kunakili, kusambaza, kufasiri na kuonyesha hadharani, na haki za kimaadili, ambazo ni mtunzi kutambuliwa kwa jina lake na kazi yake kutoharibiwa. Tatu, haki hizi zina mwisho. Kwa kazi nyingi ni uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwa filamu ni miaka 50 kwa hesabu yake maalumu. Nne, sheria si katili. Imeacha nafasi ya matumizi binafsi, ya kufundishia na ya kunukuu kwa kiasi. Basi mtu asiseme kwamba sheria inamfunga bibi aliyemwonyesha mjukuu wake filamu sebuleni.

Aidha, Tanzania iliingia katika Mkataba wa Berne mwaka 1994, mkataba ambao mataifa wanachama hulindiana kazi za raia wao. Kwa hiyo mwenye kusema kwamba filamu ya Mhindi au ya Mnigeria haina mwenyewe hapa kwetu, anasema lisilo kweli kisheria. Na kidini pia amekosea. Wako wanaodhani kwamba mali ya asiyekuwa Muislamu ni rahisi zaidi kuguswa. Hao wakumbuke usiku wa Hijra. Mtume wetu alitoka Makka akiwindwa na watu waliokusudia kumwua, na bado alimwacha Ali (Mwenyezi Mungu amridhie) nyuma ili awarudishie amana zao. Ikiwa amana ya adui imeheshimiwa hivyo, vipi mali ya jirani ambaye hatuna ugomvi naye?

Mizani ya wanazuoni

Pengine msomaji atauliza: je, haki isiyoshikika kwa mkono inaweza kuwa mali katika Uislamu? Swali hilo ni zito, na wanazuoni hawakulipuuza. Baadhi ya wanazuoni wa Bara Hindi, miongoni mwao Mufti Muhammad Shafi wa Pakistani, hawakukubali kwamba mtunzi ana haki ya kuwazuia wengine kuchapa kitabu chake. Waliona kwamba elimu haifai kufungiwa, na kwamba haki tupu si kitu cha kuuzwa. Tunaiheshimu rai hiyo, kwani ilitoka kwa watu wa elimu na ucha Mungu. Lakini mwanawe mwenyewe, Mufti Taqi Usmani, alipolichunguza suala hili katika mazingira ya leo alielekea upande wa kuitambua haki hiyo.

Kisha mwezi Desemba mwaka 1988, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikutana Kuwait katika kikao chake cha tano. Katika uamuzi wake namba 43 lilitamka kwamba jina la biashara, utunzi na uvumbuzi ni haki za wenyewe, kwamba kwa desturi ya zama hizi zina thamani ya kifedha, na kwamba sheria ya Kiislamu inazilinda na haijuzu kuzivamia.

Uamuzi huo haukutoka hewani. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo wengi wetu Afrika Mashariki tunayafuata, manufaa huhesabiwa kuwa mali. Ndiyo maana tunapangisha nyumba: mpangaji hanunui matofali, ananunua kukaa. Tena katika Sahihi ya Bukhari imepokewa kisa cha sahaba fukara aliyetaka kuoa naye hana hata pete ya chuma. Mtume akamwozesha kwa kile alichokihifadhi cha Qur'ani. Ikiwa kilichomo kifuani kimekuwa mahari, na mahari ni mali, basi nani atasema kwamba kazi ya akili haina thamani?

Na iko misingi ambayo hakuna anayeipinga. Qur'ani katika Sura Al-Baqara, aya ya 188, inakataza watu kuliana mali zao kwa batili. Nabii Shuaib (amani imshukie) aliwakanya watu wa Madyan wasiwapunguzie watu vitu vyao. Na katika hadithi iliyopokewa na Bukhari, miongoni mwa watu watatu ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atawashitaki Siku ya Kiyama yumo yule aliyemwajiri mtu, akachukua kazi yake kamili, asimpe ujira wake. Mwenye kuifurahia kazi ya mtu na kuiuza bila kumpa kitu, naye ajitazame katika kioo hicho.

Visingizio vinne

Cha kwanza husema: elimu haifichwi. Ni kweli, na tunaongeza kwamba mtoa mhadhara akiruhusu mawaidha yake yasambazwe bure, hiyo ni sadaka inayoendelea, na ambaye atakuwa na uwezo tunamhimiza afanye hivyo. Lakini kutoa sadaka ni uamuzi wa mwenye mali. Hakuna sadaka inayotolewa kwa niaba ya mtu bila idhini yake. Madrasa inapolipia studio ili kurekodi kaswida za watoto wake, ikitarajia mauzo yale yaezeke paa, anayeinakili kazi ile hasambazi dini. Anachomoa bati moja baada ya jingine kutoka juu ya vichwa vya watoto. Yasikitisha kwamba nakala za namna hiyo huuzwa hata kando ya misikiti, siku ya Ijumaa, na waumini hununua wakidhani wanapata thawabu.

Cha pili husema: nimeinunua kwa fedha yangu, basi ni yangu. Ndiyo, sahani ile ni yako. Waweza kuitazama mara elfu, kumwazima shemeji, kuigawa au kuiuza hiyo hiyo. Lakini hukuuziwa haki ya kutoa sahani nyingine mia. Aliyenunua kuku hakununua banda la muuzaji. Na Waislamu, kama tulivyofundishwa na Mtume wetu, hushikamana na masharti yao.

Cha tatu husema: sisi ni maskini. Hapa tunasimama kwa adabu, kwani umaskini si jambo la kubezwa. Lakini kanuni ya dharura huhalalisha nyamafu kwa anayekufa njaa. Haihalalishi kutazama filamu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kufa kwa kuikosa. Na upande wa muuzaji, umaskini wake hauondoi umaskini wa mwenzake. Wengi wa waigizaji na wapiga picha wa mikoa hii ya ziwa ni vijana wa mitaa ile ile ya Igoma, Buhongwa na Mabatini, nao wana mama wanaosubiri unga jioni.

Cha nne ndicho tunachokisikia zaidi kwa watu wa dini: filamu zenyewe zimejaa upuuzi na kukosa haya, basi za nini kulindwa? Jibu letu ni kwamba hukumu ya kutazama ni kitu kimoja na hukumu ya kumiliki ni kitu kingine. Filamu inayovunja heshima tusiitazame, tusiinunue, wala tusiiingize majumbani. Lakini anayeinakili haipunguzi, anaizidisha. Mtu hawezi kusema anaichukia kazi fulani huku ameibeba katika flashi kumi.

Mali ya yatima

Sasa tuguse jambo ambalo tunaamini halijazingatiwa vya kutosha katika familia zetu, nalo ni mirathi. Tumesema kwamba sheria huipa hakimiliki maisha marefu baada ya mtunzi kufa. Maana yake ni kwamba hakimiliki ni tarika, yaani mali ya urithi, kama nyumba, mtumbwi au shamba la pamba. Ina mafungu yake: ya mke, ya mama, ya watoto wa kiume na wa kike.

Steven Kanumba, ambaye Shinyanga jirani zetu wanajivunia kuwa ni mtoto wao, alifariki dunia tarehe 7 Aprili 2012 akiwa bado kijana, na maelfu ya watu walijitokeza kumsindikiza. Filamu zake zinatazamwa hadi leo. Hatuzungumzii mambo ya nyumba ya mtu, ila tunautaja msiba ule ambao nchi nzima iliuona ili tujifunze: msanii hufa, kazi yake hubaki ikifanya kazi. Swali ni kwamba inamfanyia nani kazi?

Mtayarishaji wa Kiislamu akifa leo akaacha watoto wadogo na filamu tano, wale ni mayatima na zile ni mali yao, ikiwa marehemu hakuziuza. Mwenye kibanda anayeendelea kuzijaza katika simu za watu kwa malipo hamjui yatima yule wala hajawahi kumwona. Lakini aya ya 10 ya Sura An-Nisaa, inayowaonya walao mali ya mayatima kwa dhuluma kwamba wanatia moto matumboni mwao, haikuweka sharti la kumjua yatima kwa sura. Ndiyo maana tunasema suala hili si dogo kama udogo wa ile mia tano inayolipwa.

Dhuluma ya kalamu

Hata hivyo, itakuwa si uadilifu kuelekeza vidole vyote kwa kijana wa kibandani. Iko dhuluma nyingine iliyofanyika ofisini, kwa kalamu na karatasi. Enzi za DVD ilikuwa desturi iliyoenea kwamba mtayarishaji humuuzia msambazaji kazi yake pamoja na haki zake zote kwa fedha ya mkupuo. Mtayarishaji wa Mwanza alisafiri hadi Dar es Salaam na kazi yake mkononi, akiwa na madeni nyuma yake, akasaini alichopewa. Filamu ikauza kidogo au ikauza sana, kwake ilikuwa sawa. Wengine hawakubaki hata na nakala ya mkataba.

Kisheria mkataba ule waweza kuwa sahihi. Lakini Uislamu unataka ridhaa ya kweli, na ridhaa ya mtu aliyebanwa na deni, asiyejua anachokiuza, ina kasoro. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Sura Al-Baqara, inazungumzia kuandikiana: mwandishi awe mwadilifu, mashahidi wawepo, na asiyeweza kuamuru maandishi mwenyewe asimamiwe na mlezi wake. Basi watengeneza filamu waandikiane. Mkataba useme ni haki gani inayouzwa, ya DVD au ya televisheni au ya intaneti. Ni kwa miaka mingapi. Ni kwa nchi zipi. Na faida itagawanywa vipi. Mwandishi wa muswada na waigizaji nao waandikiane na mtayarishaji, kwani wapo watayarishaji wanaolia kuibiwa na wezi ilhali wao wenyewe hawajawalipa waigizaji wao.

Uko mfano mwema wa namna kazi moja inavyozaa nyingine kwa njia iliyonyooka. Riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute, iliyochapishwa mwaka 1999, ilifanywa filamu na Amil Shivji mwaka 2021, ikaonyeshwa katika tamasha la Toronto, Kanada. Kitabu na filamu vilipokutana kwa jina la wazi na heshima kwa mtunzi, vyote viwili vilipanda daraja.

Nani atatusimulia?

Watu wa Mwanza wana sababu yao mahususi ya kulijali suala hili. Mwaka 2004 ilitoka filamu ya Darwin's Nightmare, ya Hubert Sauper, mtengenezaji kutoka Austria, iliyopigwa hapa hapa Mwanza kuhusu biashara ya sangara. Ilizunguka dunia, ikapata tuzo, ikateuliwa kushindania Oscar. Dunia ikaona mji wetu kwa sura ya viwanja vya ndege, ukahaba, vichwa vya samaki na watoto wa mitaani. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliilaani hadharani, na wengi wa hapa walihisi wamevunjiwa heshima. Wengine walisema yamo ya kweli ndani yake. Hatuingii katika ubishi huo.

Tunalosema ni hili: jibu la filamu ni filamu. Kama tunadhani tulisimuliwa vibaya, dawa ni vijana wetu wausimulie wenyewe mji huu, na ziwa hili, na kuzama kwa MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, na subira ya wajane wa msiba ule. Lakini kijana atasimulia kwa mtaji gani, ikiwa filamu yake ya kwanza ilinakiliwa wiki ile ile ilipotoka, akashindwa kulipa deni na kuuza kamera? Aliyetusimulia kutoka nje kazi yake ililindwa na sheria za kwao. Wa kwetu tumemnyang'anya wenyewe, kisha tunalalamika kwamba hakuna anayesema habari zetu kwa haki.

Lipi la kufanya?

Kwanza, kwa wazazi. Muulizeni kijana wa kibandani bila kumfokea. Biashara yenyewe si haramu. Kilicho haramu ni kuuza kisicho chake. Vijana kadhaa wa kibanda wanaweza kuungana, wakawafuata watayarishaji wa hapa hapa, wakaandikiana nao na kuwa mawakala wao kwa kila nakala. Zipo kazi nyingine za kompyuta zisizo na dhuluma: kuchapa barua, kusaidia watu fomu za maombi, kutengeneza simu, kupiga picha za harusi. Njia ya halali yaweza kuwa nyembamba mwanzoni, lakini baraka haihesabiwi kwa noti.

Pili, kwa aliyekwisha kuuza. Mlango wa toba uko wazi, na toba ya haki za watu ina sharti la ziada: kumrudishia mwenyewe haki yake au kumwomba akusamehe. Ikiwa mwenyewe hajulikani wala hapatikani, wanazuoni wamesema mtu atoe sadaka kwa niaba yake kwa kadiri ya anavyodhani alichukua.

Tatu, kwa kamati za misikiti. Zihakikishe kinachouzwa katika maeneo yao kina idhini ya wenyewe. Msikiti hauwezi kukataza wizi kutoka juu ya mimbari na kuupangisha meza langoni.

Nne, kwa watayarishaji. Fanyeni kazi inayoweza kutazamwa na baba akiwa na binti yake, iuzeni kwa bei ya mtu wa kawaida, na ifikisheni kwake kwa njia rahisi. Mnunuzi wa Sengerema au Ukara akikosa kazi halali kwa miezi mitatu, huku ile ya wizi iko mlangoni kwake, mmemwachia mtihani mgumu.

Na serikali iendelee kuilinda mali hii kama inavyolinda viwanja na vyombo. Lakini ijulikane kwamba hakuna askari anayeweza kukaa ndani ya kila simu. Sheria humfikia mtu mlangoni. Imani ndiyo inayoingia naye chumbani.

Imepokewa na Muslim kwamba Mtume (rehema na amani zimshukie) aliwaeleza masahaba habari za muflisi wa kweli: ni yule atakayekuja Siku ya Kiyama na sala na saumu na zaka, lakini alimdhulumu huyu na kula mali ya yule, basi mema yake yakagawiwa wadai wake hadi yakaisha. Tusikubali Ramadhani zetu ziende kulipia filamu tulizozijaza katika flashi.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atutosheleze kwa halali yake tuepukane na haramu yake, awape wenye vipaji katika vijana wetu ujira wa jasho lao, na aujaalie mji wetu kuwa mji wa amana. Wabillahi tawfiq.